Mgonjwa wa Parkinson anabanwa na mkojo ghafla: fanyeni hivi

Mimi ni nesi huku Pemba, na huniuma sana nikikuta mzee wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa) hendi tena barazani wala msikitini kwa kuogopa kujikojolea, na watu washasema uzee huo. Si uzee jamani. Ugonjwa huu hupunguza dopamini, kemikali ya ubongo, na ikipungua ubongo unashindwa kukituliza kibofu, kinajibana hata hakijajaa, ndo mana haja inamjia ghafla na usiku anaamka mara nyingi kukojoa.

Hatua ya 1: apimwe mkojo na sukari, na mwanamme aangaliwe tezi dume, kwasababu maambukizi na kisukari navyo huleta hivi hivi.

Hatua ya 2: daftari. Siku 3 andikeni kanywa nini saa ngapi, kakojoa saa ngapi, kiasi gani (kopo lenye alama linatosha), wapi alivuja. Msiliruke hili, dokta akiliona anajua pa kuanzia.

Hatua ya 3: maji ya mchana msimpunguzie, wengi wanakosea hapa, mkojo unakuwa mkali na choo kinakuwa kigumu, na choo kigumu kinakisukuma kibofu, kwahiyo papai, mboga na maji. Kinachopunguzwa ni kahawa na chai, na kunywa kuishie kama masaa mawili kabla ya kulala.

Hatua ya 4: aende chooni kwa saa, kila masaa 2 au 3, asingoje kubanwa. Adhana zinasaidia kukumbusha, adhuhuri mpaka alasiri ni kama masaa matatu.

Hatua ya 5: haja ikimshika asikimbie! Miguu ya Parkinson hugandia mlangoni, ndo wanapoanguka. Akae au ashike ukuta, abane haraka haraka mara tano sita kama anayezuia upepo, ikitulia ndo aende pole pole. Usiku wekeni poti au chupa karibu na kitanda na taa iwake, choo cha uani kiza hicho hapana.

Hatua ya 6, dawa, kama hayo hayakutosha. Kabla hajaandikiwa ulizeni afanyiwe altrasaundi kuona mkojo unaobaki kibofuni akishakojoa, mana kuna dawa zinazidisha kubaki. Oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu, inaingia kwenye ubongo, naiogopa kwa wazee hawa, inaweza kumchanganya akili na kumfungisha choo. Mirabegroni, dawa nyingine ya kibofu, haina tabia hiyo ila presha ipimwe. Akianza dawa yoyote akawa anaweweseka au mkojo hautoki, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.