Jinsi ya kuvaa uhusika kwenye RPG hata kama mhusika wako anaongea kwa sauti ya mtu mwingine

Kuna lalamiko moja nalisikia sana kwa wapenzi wa magemu ya RPG, yaani yale unayoingia ndani ya mhusika na kumwamulia maisha yake, kwamba mhusika mkuu akishaanza kuongea mwenyewe basi utamu umeisha, unajiona unamwangalia mtu badala ya kuwa yeye. Nawaelewa kabisa, ila mi naamini hili linatibika na wala huhitaji kuliacha gemu zuri kwa sababu hiyo.

Kwanza tuelewe kinachotokea pale. Kwenye Skyrim (2011) mhusika wako hasemi chochote kwenye maongezi, unasoma majibu, unachagua, sauti unajazia mwenyewe kichwani. Ukija Fallout 4 (2015), ya kampuni ileile ya Bethesda iliyotengeneza Skyrim, mhusika mwanaume anaongea kwa sauti ya Brian T. Delaney na mwanamke kwa ya Courtenay Taylor, na sauti ya mtu huwa inakuja na umri wake, lafudhi yake, upole wake. Sa we umekuja na mhusika uliyemtunga toka nyumbani, tuseme mzee mkorofi asiyecheka na mtu, anafungua mdomo inatoka sauti ya baba kijana anayebembeleza, lazima mgongane tu. Na kwa kuwa sauti imesharekodiwa haibadiliki, anayetakiwa kusogea ni we.

Kwahiyo anza na sauti, sura itafuata. Watu wengi wanakaa lisaa zima wanachonga pua na nyusi halafu sauti wanabonyeza yoyote ile, mi nakwambia geuza. Dragon Age: Inquisition (2014) inakupa sauti mbili kwa kila jinsia, moja ya Kimarekani na nyingine ya Kiingereza cha Uingereza, zisikilize zote bila kuangalia skrini na ujiulize huyu anayeongea ni mtu wa aina gani, kakulia wapi, akikasirika anapayuka au anashusha sauti. Ukishapata jibu ndo umchongee sura inayofanana nae. Cyberpunk 2077 nayo inakuruhusu kuchagua sauti ya V, ndo mhusika wako humo, bila kujali umempa mwili gani. Na kwenye Mass Effect (2007), ambapo mhusika wako Shepard, kamanda wa meli ya angani, wa kiume anaigizwa na Mark Meer na wa kike ni Jennifer Hale, usichague kwa mazoea ya kwamba we ni mwanaume basi na yeye awe mwanaume, chagua muigizaji anayekugusa. Mi kwa Hale sijawahi kujuta, yule mama akitoa amri unaamini kabisa kuna meli nzima ya watu inamsubiri.

La pili, jifunze kujibu kwa toni. Yale maneno machache yanayoonekana kwenye skrini sio sentensi kamili, ni dokezo tu, na ndo maana watu wanabonyeza kitu wakidhani ni utani mhusika anaishia kumtukana mtu. Kwenye duara la majibu la Mass Effect nafasi ndo inakwambia: kulia juu ni upole na utu, kulia chini ni ubabe, kushoto ni kuuliza zaidi. Sasa kabla hujasoma maneno amua kwanza mtu wako anajisikiaje pale, kachoka, ana hasira, anamwonea huruma yule mtu, ndo uende kwenye upande unaofanana na hiyo hisia. Ukizoea hivi, sentensi ikitoka tofauti na ulivyodhani haikuumizi maana hisia ilikuwa yako.

Dragon Age II (2011) imelifanyia kazi jambo hili vizuri kuliko zote na nashangaa watu hawaisemi. Kuna alama kwenye kila jibu, kinyago cha zambarau ni utani, ngumi nyekundu ni ukali, na gemu linahesabu unachochagua zaidi, kisha zile sentensi ambazo Hawke, mhusika wako, anazisema bila kukuuliza zinafuata tabia hiyo. Yaani ukimjibu kila mtu kwa utani kwa masaa kadhaa, ikifika sehemu anajisemea mwenyewe tu, anatania, na unasema enhee huyu ndo wangu. Ila inataka msimamo, ukirukaruka leo mpole kesho mkali bila sababu hutoipata hiyo raha.

Sasa tuje penye ugumu wenyewe, Fallout 4. Hapa mbali na sauti umepewa na maisha: ulikuwa na ndoa, una mtoto anaitwa Shaun, mwanaume alikuwa mwanajeshi na mwanamke kasomea sheria, mabomu yanaanguka 2077, unagandishwa kwa baridi ndani ya handaki linaloitwa Vault 111, mtoto anachukuliwa, unatoka 2287. Sauti inaigiza mzazi mwenye uchungu kila mtoto akitajwa, halafu we unataka kuokota vyuma na kujenga kibanda Sanctuary, mtaa wako wa zamani, haviendani. Dawa yake ni kutafuta sababu ambayo ule uchungu haukanushi. Kwa mfano amua kwamba mtu wako ndani ya moyo anaamini mtoto kashakufa, kwahiyo kila akitoka kwenda mji wa Diamond City kuulizia anakuta sababu ya kurudi, kuna ukuta wa kumalizia, kuna majirani wa kulinda, na siku akiulizwa habari za mtoto sauti ikatetemeka, inatetemeka kwa sababu alikuwa analikimbia hilo swali. Umeona? Sauti ileile na sentensi zilezile, ila sasa zinaongelea mtu uliyemtunga we. Penye maneno hauna uhuru mkubwa lakini kwenye vitendo unao wote, unaenda wapi, unamsaidia nani, unalala wapi, hapo hakuna muigizaji aliyekutangulia.

Kama unachezea PC na bado inakukera, kuna modi, yaani nyongeza ya gemu inayotengenezwa na wachezaji, inaitwa Full Dialogue Interface inayoonyesha sentensi nzima kabla hujachagua, na zipo modi za kumnyamazisha mhusika wako peke yake. Usipunguze sauti ya maongezi kwenye setingi maana utawanyamazisha na wengine wote.

Kwenye Cyberpunk angalia rangi, majibu ya njano yanasukuma stori mbele na ya bluu ni ya hiari, na hapa mi nashauri uache mengi ya bluu. Mtu anayeuliza kila swali kwa kila mtu sio mtu wa kweli, V wako kama ni wa maneno machache basi mwache awe hivyo.

Na kwa wale waliokimbilia magemu ya bubu wakidhani huko ni salama, kwenye Baldur's Gate 3 (2023) mhusika uliyemtunga hatamki majibu yake kwenye maongezi, ila mwandishi ameshaamua toni na wenzako watajibu kwa toni hiyohiyo. We soma jibu kwa sauti, kwa Kiswahili chako, vile mtu wako angelisema, kabla hujabonyeza, na likikataa kutoka mdomoni chagua lingine.