Kubebesha Parachichi: Kwa Nini Kikonyo Kinashika au Kinakauka

Miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa juu ya parachichi za kienyeji ikikauka wiki ya tatu, lawama huangukia kikonyo (kipande cha tawi kinachounganishwa juu ya shina la mche), jua au mkono wa fundi. Chanzo huwa kidogo kuliko hivyo: kambiamu ya juu haikugusana na kambiamu ya chini, au ilikauka kabla ya kuungana. Kambiamu ni ule utelezi unaoushika ukibandua gome la tawi bichi. Tabaka lake ni la seli chache, halifiki nusu milimita, na kubebesha kote (Kenya husema kupandikiza) kunalitegemea.

Ndani ya kambiamu kuna mti wenyewe, yaani zailemu, inayopandisha maji. Seli za mirija yake zimekwisha kufa: zimebaki matumbo matupu yenye kuta nene za lignini (dutu inayofanya mti kuwa mgumu), na ndiyo maana maji yanapita bila kizuizi. Lakini mrija uliokufa ukikatwa hauponi. Nje ya kambiamu kuna floemu, inayoshusha sukari kutoka kwenye majani. Mirija yake i hai, ila imepoteza kiini ili njia iwe wazi, kwa hiyo nayo haiwezi kugawanyika. Kinachoweza kuziba jeraha ni seli zenye kuta nyembamba na kiini kamili: za kambiamu na za parenkima (tishu laini ya kujaza) iliyo jirani.

Hapo mmea unatofautiana na mnyama. Ng'ombe akichubuka, seli za ngozi hutambaa kutoka ukingoni mpaka zikutane. Seli ya mmea imefungiwa ndani ya ukuta wake, haihami. Pengo hujazwa kwa kugawanyika tu, na pengo likiwa pana, seli hukauka kabla ya kufika ng'ambo. Ndiyo sababu ya kukaza utepe unaofunga kiungo.

Chagua mche wa kienyeji wenye unene wa penseli. Kata kikonyo asubuhi kutoka mti mzima usio na ugonjwa, kwenye ncha ya tawi lililokomaa, urefu wa sentimita 10 hadi 15, machipukizi yakiwa yamevimba lakini hayajafunguka. Chipukizi lililofunguka hupoteza maji kwa kasi wakati mirija ya chini bado haijaunganishwa nalo. Kwa sababu hiyo hiyo ondoa majani yote hapo hapo shambani, ukiacha vishikizo vya majani vifupi. Funga vikonyo kwenye kitambaa chenye unyevu, uvitumie siku hiyo hiyo.

Kata shina la chini kwa usawa, sentimita 20 hivi kutoka kwenye udongo, ukibakiza majani machache chini ya mkato. Hayo yatalisha kidonda sukari. Pasua katikati kwa kina cha sentimita 3. Chonga kikonyo kiwe kabari ya urefu huo huo, kila upande kwa mkato mmoja ulionyooka. Ukirudia-rudia kukwangua, uso huwa na mawimbi, na kila wimbi ni pengo.

Kisu ndicho kinachopuuzwa zaidi. Parachichi lililokatwa hugeuka kahawia kwa sababu kemikali zinazoitwa fenoli, zilizohifadhiwa kwenye vakuoli (kifuko cha majimaji) ya seli, hukutana na kimeng'enya ambacho seli nzima huwa imekitenga nazo. Kisu kikali hufungua seli chache tu. Butu huponda tabaka kadhaa, na seli hizo zilizokufa hukaa katikati ya tishu mbili zinazotafutana. Noa kisu mpaka kikate karatasi bila kuichana, na ukifute kwa spiriti kila unapohamia kikonyo cha mti mwingine. Kati ya kuchonga na kuingiza zisipite dakika 2. Usiguse sehemu iliyochongwa kwa vidole.

Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, usikiweke katikati kwa kutafuta uzuri. Kisogeze upande mmoja, mpaka wa gome na mti ulingane na wa shina. Upande mmoja unatosha. Fundi anayelinganisha gome kwa nje hukosea hapa: gome la shina la kienyeji huwa nene, na kambiamu iko ndani yake.

Funga utepe kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukipanda juu ya uliotangulia kama vigae, ili maji yasiingie. Funika kikonyo kwa kimfuko cha nailoni angavu na uweke mche kivulini. Jua kali likipiga ndani ya kimfuko hicho, kikonyo kitapikwa.

Seli zitajaza mwanya kwa tishu nyeupe laini, kalasi. Baadaye baadhi yake hugeuka kambiamu mpya, ikiunganisha ya juu na ya chini, kisha mirija ya zailemu na floemu. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 machipukizi hufunguka kwa wiki 3 hadi 5. Njombe mwezi wa Juni au Julai, usiku ukiwa wa baridi kali, seli hugawanyika polepole mno. Afadhali kusubiri joto lirudi.

Kikonyo kuchipua si ushahidi kwamba kimeshika. Chipukizi linaweza kufunguka kwa akiba ya wanga iliyomo ndani yake, kisha likanyauka. Ondoa kimfuko jani la kwanza likitanuka, ukianza kwa kutoboa ncha yake siku chache kabla. Utepe uuache mpaka majani mapya yakomae na kuwa kijani kizito, kwa kawaida miezi 2 hadi 3. Ukisahaulika, shina hunenepa na utepe huibana floemu: utaona uvimbe juu ya fundo (pale kikonyo kilipoungana na shina), kwa kuwa sukari imekwama, huku mizizi ikishinda njaa. Upasue kwa wembe upande ulio mkabala na mkato, usiuvute.

Machipukizi yanayotoka chini ya fundo yapogolewe kila wiki. Ni ya kienyeji, na yana mirija iliyokamilika, hivyo hunyakua maji yote kabla ya Hass kupata yake.