Osaka peke yako: siku nzima ya pembea Universal Studios Japan, hatua kwa hatua

Viti vya rolakosta, treni za burudani zinazopanda na kushuka kwa kasi, hupangwa viwili viwili au vinne vinne, lakini watu hawaji kwa hesabu hiyo. Wanakuja watatu, wanakuja watano, na treni inapokaribia kuondoka huonekana kiti kilichobaki wazi. Japani, ambako foleni ya saa mbili si ajabu siku ya Jumamosi, kiti hicho hakiachwi kiende bure: hupewa mtu aliyekuja peke yake. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba Universal Studios Japan, bustani ya burudani yenye rolakosta na pembea nyingine mjini Osaka, ni mahali pa kwenda peke yako. Siku nitakayoieleza hapa imepangwa kukifuata kiti hicho tangu asubuhi hadi taa ziwashwe.

Hatua ya 1: Viza kwanza, tiketi baadaye

Mtanzania au Mkenya anahitaji viza, na maombi hupelekwa ubalozi wa Japani ulioko Dar es Salaam au Nairobi. Kama unaishi Muscat au Dubai kikazi, peleka maombi huko unakoishi. Karatasi inayowasumbua wengi ni ratiba ya ukaaji: siku baada ya siku, utakuwa wapi, utalala wapi, simu ya hoteli ni ipi. Anayesafiri peke yake asijaze neno "utalii" mistari yote. Andika jina la bustani kwenye tarehe yake na jina la mji utakaolala usiku huo. Ratiba yenye majina ya mahali inaonyesha kwamba unajua unakokwenda. Chukua hoteli zinazoruhusu kughairi bila kukatwa fedha. Tiketi ya bustani isubiri, kwa sababu hufungwa kwenye tarehe moja.

Kutoka kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja. Emirates kupitia Dubai na Qatar Airways kupitia Doha hutua Kansai, uwanja wa ndege wa Osaka wenyewe, kwa hiyo usikubali kuuziwa tiketi ya Tokyo kama Osaka ndiyo safari yako.

Hatua ya 2: Chagua siku kama mtu anayechagua msimu wa kupanda

Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa. Siku za kuepuka zinajulikana: mwisho wa Aprili hadi tarehe 5 Mei, ambapo sikukuu zao kadhaa zinafuatana, katikati ya Agosti, wanaporudi kwao kuwakumbuka marehemu, wiki ya Mwaka Mpya, na likizo ya shule inayoanza mwishoni mwa Machi. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua, na Agosti na Septemba huja tufani. Mvua nyepesi haina neno, watu hupungua na pembea zinaendelea, lakini radi au upepo mkali ukija rolakosta zote husimama.

Mimi napenda mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba. Baridi ipo, koti la kawaida linatosha, na jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo unaipata bustani ikiwa imewashwa taa bila kusubiri usiku wa manane.

Hatua ya 3: Nunua tiketi ya kuingilia, acha Express Pass

Bei ya tiketi ya siku moja hubadilika kwa tarehe: huanzia kwenye yen 8,600 siku tulivu na kupanda juu ya yen 11,000 siku za watu wengi. Nunua mapema mtandaoni. Tovuti yao wakati mwingine hukataa kadi za benki za nje. Ikitokea hivyo usihangaike, nunua kwa wakala anayetambuliwa na bustani, utatumiwa msimbo wa QR na kuingia nao moja kwa moja.

Express Pass ni tiketi ya ziada ya kupita foleni fupi, na siku zenye watu wengi inaweza kugharimu zaidi ya tiketi ya kuingilia. Kwa familia yenye watoto nisingeipinga. Wewe uliye peke yako usiinunue, kwa sababu sehemu kubwa ya unachouziwa utakipata bila kulipa.

Hatua ya 4: Lala mahali penye treni, si mlangoni

Hoteli zilizo mbele ya lango ni nzuri na ni ghali. Tafuta chumba karibu na stesheni ya Nishikujo au Bentencho, kwenye reli inayouzunguka mji. Nishikujo ndipo unapobadilisha treni kuingia njia ya JR Yumesaki, na kutoka hapo hadi stesheni ya Universal City ni kama dakika tano. Treni ya haraka ya kutoka uwanja wa ndege wa Kansai nayo inapita Nishikujo. Nunua kadi ya nauli ya treni iitwayo ICOCA ukifika, iwekee fedha, uguse tu kwenye geti.

Usiku wa kwanza ni wa kulala. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na tofauti hiyo ina faida yake: ukiiacha saa yako ya mkononi kama ilivyotoka nyumbani, Japani ikiwa 9:00 asubuhi yako itaonyesha 3:00, yaani saa tatu ileile kwa hesabu yetu. Programu ya bustani huandika muda kwa saa za kimataifa, basi angalia vizuri usije ukasoma 15:00 ukaenda saa isiyo yake.

Hatua ya 5: Langoni kabla ya saa iliyotangazwa

Muda wa kufungua unaoandikwa si muda wanaofungua. Mara nyingi lango huachiwa mapema, pengine kwa saa nzima. Wakitangaza saa tatu, wewe uwe pale saa moja na nusu. Kuwa na pawabanki iliyojaa, chupa ya maji, na begi dogo linalofungika zipu. Begi kubwa liache hotelini, kwa kuwa makabati ya stesheni hujaa mapema. Chakula cha nje hakiruhusiwi, na ukishatoka huingii tena kwa tiketi hiyohiyo.

Vaa viatu vya kufunga. Dada zangu mnaovaa hijabu, chagueni ile ya michezo isiyo na pini, iliyobana shingoni. Kitambaa kinachopepea utaambiwa ukifunge au ukiache kwenye kabati, na pini kwenye mwendo ule ni hatari kwako na kwa aliye nyuma yako.

Hatua ya 6: Nintendo kwanza, dinosa baadaye

Hapa ndipo siku inapopatikana au kupotea.

Lango likifunguliwa, watu wengi hukimbilia Super Nintendo World, eneo la michezo ya video ya Nintendo lililofunguliwa Machi 2021 na kuongezewa sehemu ya Donkey Kong Desemba 2024. Nenda nao. Asubuhi mapema mara nyingi unaingia bila karatasi ya muda, yaani ruhusa ya kuingia saa fulani. Ukichelewa, fungua programu ukiwa tayari ndani ya bustani na uombe nafasi ya saa fulani, ambayo ni bure. Mikanda ya mkononi inayouzwa mlangoni si ya lazima kwa kupanda pembea yoyote. Mle ndani, gari la Mario Kart hubeba watu wanne na lina foleni ya mtu mmoja mmoja. Tafuta kibao kilichoandikwa Single Rider.

Utaratibu wa foleni hii ni mmoja kila unakokwenda. Unamwonyesha mhudumu kidole kimoja na kusema "hitori", mtu mmoja. Anakuelekeza njia ya pembeni, unasubiri, na kiti kikipatikana unaitwa. Huchagui safu, huchagui wa kukaa naye, na husogei mpaka uitwe. Njia hii hufungwa bila taarifa ikizidiwa, kwa hiyo ukiikuta imefungwa usianze kubishana na kijana wa watu. Zunguka, rudi baada ya nusu saa. Nimeona foleni kuu ikiandika dakika 90 na hii ikaniingiza kabla sijamaliza kusoma ujumbe kwenye simu. Kuna siku pia ilinichelewesha karibu sawa na wengine, maana kama makundi yote yanayokuja ni ya watu wanne, kiti hakibaki.

Ukitoka Nintendo nenda kwenye rolakosta ya The Flying Dinosaur. Ilifunguliwa 2016, njia yake ni meta 1,124, na hukai bali unaning'inia kifudifudi chini ya reli, uso ukitazama ardhi. Viti viko vinne kwa safu. Mifuko yote itolewe: simu, funguo, sarafu, miwani, vyote kwenye kabati, na kabati ni bure. Mahali njia inapopinda kwenda chini kwa mgongo, kifua hubanwa. Vuta pumzi kabla ya kilele, itoe polepole unaposhuka. Nisingekushauri uipande mara baada ya kula.

Rolakosta ya Hollywood Dream iko jirani na lango na ni ya tabia nyingine kabisa. Ni ya mwaka 2007, na unachagua wimbo utakaosikia masikioni kwa kubonyeza kitufe kitini. Inainuka na kushuka kwa mawimbi marefu, na kwenye kila kilele mwili unaachana na kiti kwa sekunde moja au mbili. Watu huisifu Dinosaur zaidi. Mimi nikiambiwa nichague moja, nachagua hii, na naipanda jioni.

Katikati ya mchana, foleni kuu zikiwa zimevimba, pitia ngome ya Harry Potter. Angalizo moja tu: foleni ya mmoja huruka vyumba vya ngome vyenye picha zinazozungumza, na vyumba hivyo vimetengenezwa kwa ustadi mkubwa kuliko mahali pengine popote bustanini. Kwa hiyo hapa peke yake, ukikuta foleni kuu ina nusu saa, ipange. Ukishapita mara moja, rudia kwa njia ya mmoja.

Jurassic Park ni mashua inayoshuka karibu meta 26, na utalowa. Jaws, ya papa muuaji wa filamu, ni mashua pia, na Osaka ndiyo bustani iliyobaki nayo baada ya ile ya Florida kufungwa mwaka 2012. Nahodha huigiza kwa Kijapani mwanzo hadi mwisho, anapiga kelele, analenga bunduki, anatokwa jasho kweli. Huhitaji kuelewa neno. Abiria wenzako watapiga makofi mwishoni, piga nao.

Hatua ya 7: Kula na kusali

Kwa anayekula halali, migahawa ya ndani ni mtihani: nguruwe na pombe ya kupikia huingia kwenye mchuzi usioutarajia. Bisi na matunda yatakushikilia, na kinywaji maarufu cha Butterbeer hakina kileo. Mlo wenyewe upange usiku. Nje ya lango, kwenye jengo la Universal CityWalk, kuna maduka ya takoyaki, chakula kilichozaliwa Osaka hiihii: viduara vya unga vyenye kipande cha pweza ndani. Mtu wa pwani atajisikia nyumbani. Uliza sosi kabla ya kumiminiwa.

Msafiri ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Nyuma ya maduka yaliyo mbali na njia kuu utapata pembe tulivu, na kitambaa chepesi cha kuswalia hakichukui nafasi begini. Kansai, uwanja wa ndege, wana vyumba vya kusalia.

Hatua ya 8: Upweke, tuuseme

Utakuwa pengine Mwafrika pekee kwenye foleni. Watoto watakutazama, wengine watapunga mkono. Punga na wewe. Kula peke yako Japani hakumshangazi mtu, hata migahawa ina viti vya mmoja mmoja vinavyotazama kaunta. Kinachouma ni ile dakika baada ya kushuka, moyo unadunda na huna wa kumwambia "umeona pale?". Mimi hurekodi sauti na kumtumia dada yangu Tanga. Ataisikiliza akiamka.

Wahudumu hupiga picha kwa simu yako ukiwaomba kwa ishara tu, na huwa wanapiga zaidi ya moja.

Hatua ya 9: Kama una siku nyingine

Tokyo DisneySea, bustani ya Disney iliyofunguliwa Septemba 2001, ni ya mtu anayependa kutembea na kutazama. Kutoka Shin-Osaka hadi Tokyo ni saa mbili na nusu kwa treni ya kasi, kisha njia ya Keiyo hadi stesheni ya Maihama. Ina eneo lote lililojengwa kwa sura ya bandari ya Kiarabu, na safari ya mashua ya Sindbadi ambayo haitishi mtu.

Anayetaka kasi aende Nagashima Spa Land, bustani nyingine ya rolakosta, kwa basi kutoka Nagoya. Rolakosta yake ya Steel Dragon 2000 ina urefu wa meta 2,479, hupanda hadi meta 97 na kufikia kilomita 153 kwa saa. Siku ya kazi hata foleni ya mmoja hutaihitaji. Iko ukingoni mwa bahari na husimamishwa upepo ukizidi, kwa hiyo tazama utabiri usiku wa kuamkia siku hiyo, na ukiona upepo ni mkali badilisha siku kabla hujalipia basi.