Kukereza magnesi bila kuwasha moto

Kipande kinene cha magnesi, metali nyepesi inayoweza kuwaka, hakishiki moto kirahisi, kwa sababu joto husambaa upesi ndani yake. Hatari iko kwenye vumbi na maranda membamba. Kwa hiyo tumia kisu kikali cha kerezo, ukate maranda manene. Kisu butu husugua mpaka kikatoa cheche. Zoa maranda mara kwa mara, uyahifadhi pakavu katika pipa la chuma lenye kifuniko.

Maranda yakiwaka, usimwage maji kamwe! Magnesi inayowaka huyavunja maji, ikatoa haidrojeni inayolipuka. Hata kaboni dioksidi haifai, maana metali hii huinyang'anya oksijeni na kuendelea kuwaka. Funika taratibu, bila kuyatawanya, kwa poda ya kuzimia moto wa metali au mchanga mkavu kabisa. Mwanga mweupe wa moto huo huumiza macho, usiukodolee.