Kupiga Hodi Mongolia: Mwongozo kwa Msafiri wa Nakuru na Magharibi ya Kenya

Anayelelewa Nakuru, Kericho au Kisumu hufundishwa mapema kwamba mtu haingii katika boma la mwenzake bila kupiga hodi. Nchini Mongolia malezi hayo yatakufaa sana, ila neno ni jingine. Ukikaribia ger, yaani hema la duara linalofunikwa kwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, usigonge mlango. Simama mbali kidogo uite kwa sauti, "Nokhoi khor!" Maana yake ni "Shikeni mbwa!", na herufi kh hutamkwa kama katika neno kheri. Wito huo hutumika hata pasipo na mbwa, ingawa mara nyingi yupo, tena mkali, kwa kuwa kazi yake ni kulinda mifugo.

Ni vyema kuelewa kwanza kwa nini ugeni una uzito mkubwa kiasi hicho. Mongolia ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.5, zaidi ya mara mbili na nusu ya Kenya, lakini watu wake ni takriban milioni 3.5 tu, na karibu nusu yao wanaishi katika mji mkuu, Ulaanbaatar. Huko nyikani mtu anaweza kusafiri muda mrefu bila kuona moshi wa jirani, na wakati wa baridi kali kipimajoto hushuka hadi nyuzi 30 au hata 40 chini ya sifuri. Msafiri akinyimwa mlango katika baridi ya namna hiyo, huenda asifike kwa jirani akiwa hai. Ndiyo maana mgeni hupewa chai kwanza na kuulizwa safari yake baadaye, kwani anayepokea leo anajua kwamba kesho yeye ndiye atakayekuwa njiani. Ukilishika jambo hili, kanuni za nyumba hazitakuwa mzigo kwako.

Mlango wa ger hutazama kusini. Inama unapoingia, wala usikanyage kizingiti, kwani kukikanyaga ni kumdharau mwenye nyumba. Elekea kushoto, upande wa magharibi, ambako wageni huketi. Upande wa mashariki ni wa mama wa nyumba na vyombo vyake. Sehemu ya kaskazini, inayokabili mlango, huitwa khoimor. Hapo huwekwa picha za familia na vitu vya ibada, na hapo huketi wazee na wageni wa heshima, basi usijipeleke mwenyewe bali ngoja uitwe. Katikati kuna jiko na nguzo mbili zinazoshikilia paa. Usipite kati ya nguzo hizo, usiziegemee, wala usimpitishie mtu kitu katikati yake. Moto ni mtakatifu: usitupe takataka ndani yake, wala usiuelekezee nyayo. Usipige mluzi ndani ya nyumba, katazo ambalo wengi wetu tulilisikia kwa bibi zetu kuhusu usiku.

Kisha italetwa suutei tsai, chai ya maziwa iliyotiwa chumvi badala ya sukari. Ipokee kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, na mikono ya shati iwe imeshushwa. Watu wengi wa magharibi ya Kenya humwamkia mzee kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo hapa hutajifunza jipya, utakumbuka tu. Katika majira ya joto utapewa pia airag, maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa na kusukwasukwa mara nyingi mno. Aliyezoea mursik ya Wakalenjin atautambua uchachu wake, ingawa airag ni nyepesi, haina mkaa, na ina kileo cha takriban asilimia 2. Siku ya kwanza kunywa kidogo, maana tumbo lisiloizoea huendesha. Asiyetumia kileo, awe Muislamu wa Nakuru au Msabato wa Kisii, asisukume bakuli. Alipokee kwa heshima, alishike kwa muda, kisha alirudishe kwa mikono miwili huku akieleza sababu.

Kwa Muislamu kuna jambo zito zaidi. Kwa desturi, wafugaji wa Kimongolia huchinja kondoo kwa kumpasua kifuani na kukata mshipa mkuu kwa mkono, ili damu isimwagike ardhini. Nyama hiyo si halali kwake, na ni heri aseme mapema kabla mnyama hajachinjwa kwa heshima yake. Katika mkoa wa Bayan-Ölgii, magharibi kabisa mwa nchi, wakazi wengi ni Wakazakhi Waislamu, na huko atapata nyama halali kwa urahisi.

Mzee akikupa chupa yake ya ugoro, ipokee kwa kiganja cha kulia kilicho wazi. Huna lazima ya kuvuta. Inatosha kunusa kwenye mdomo wa chupa na kuirudisha. Kwa zawadi, sioni kitu bora kuliko pakiti ya chai ya Kericho au kinyago kidogo cha jiwe la Kisii kutoka Tabaka, kwa sababu vitu hivyo vinaeleza unakotoka. Usishangae mwenyeji akiiweka zawadi kando bila kuifungua.

Salamu ni "Sain baina uu", na baada yake huulizwa hali ya mifugo. Jibu kwamba mambo ni mema, kisha habari ngumu zifuate baadaye. Tofauti na kwetu, ukishamsalimu mtu asubuhi, huhitaji kurudia salamu hiyo kila mnapokutana siku hiyo.

Wanaopanga kwenda kwenye Naadam, sikukuu ya mieleka, mbio za farasi na upigaji mishale inayofanyika Ulaanbaatar tarehe 11 hadi 13 Julai, watafute malazi miezi kadhaa kabla. Na popote penye msongamano, ukimkanyaga mtu mguu kwa bahati mbaya, mpe mkono papo hapo, hata akiwa mtoto.