SOMO: Kurekodi mazungumzo ya watu ili kukadiria akili yao ya lugha

Assalaam aleykum wanabaraza. Swali hili linarudi kila mwezi: nirekodi kwa kifaa gani, niwaulize nini, nihesabu nini. Nayaandika yote hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa hapa.

1. Ruhusa. Kibali cha utafiti, kisha sheha (kiongozi wa mtaa), kisha mwenyewe. Aliye chini ya miaka 18, na mzazi wake pia. Faili lipewe namba, si jina.

2. Kifaa. Kinasa sauti au simu inayohifadhi WAV (faili la sauti lisilobanwa): 44.1 kHz, biti 16, chaneli moja. Dakika moja inakula kama MB 5.3, kwa hiyo watu 40 wa dakika 12 kila mmoja ni kama GB 2.5. Maikrofoni ya kubana nguoni iwe kiganja kimoja chini ya kidevu. Kwa aliyevaa mtandio au buibui, ibane kwenye nguo ya nje kabisa na waya uupige kitanzi. Kitambaa kikiisugua maikrofoni, konsonanti zinapotea na huwezi kuzirudisha. Kinamama wajibanie wenyewe au wabaniwe na mwanamke. Kilele cha sauti kisipite -12 dB kwenye kipimo cha kinasa sauti.

3. Mahali. Chumba chenye mikeka na mapazia. Kuta tupu za mawe na chokaa zinarudisha mwangwi. Feni na friji vizimwe. Chini ya bati wakati wa masika usijaribu. Panga muda usioangukia adhana.

4. Kazi za kusema. Wote wapewe kazi zile zile, kwa mpangilio ule ule. Mimi napendekeza tatu.

Ya kwanza, picha, dakika 2. Picha maarufu ya mtihani wa Boston wa 1972, ya mtoto anayeiba biskuti huku sinki likifurika, ni ya jikoni la Kimarekani; usiilete Micheweni, Pemba. Mpe mchoraji akuchoree karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, wingu limetanda, na watoto waliowekwa kuziangalia wanacheza. Lazima picha iwe na jambo linaloelekea kuharibika, kwa sababu hapo ndipo msemaji anapolazimika kutumia "kwa sababu", "ingawa", "wangelijua". Picha ya watu waliosimama tu inakupa orodha ya majina.

Ya pili, aeleze hatua kwa hatua jambo analolijua kwa mikono yake, kama kusuka ukili au kutega dema, dakika 3.

Ya tatu, ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa sekunde 60. Amua mapema kama samaki ni wanyama. Wakikubaliwa, mvuvi atakumiminia changu, tasi, chewa, pono, na utadhani amemzidi akili mwenzake wa shamba. Ongeza kundi la vyakula, uchukue wastani wa mawili hayo.

5. Mhojaji. Kijana mbele ya mtu mzima atajibu kwa maneno machache, na hiyo ni adabu, si upungufu wa maneno. Mhojaji alingane na mhojiwa kwa umri na jinsia, na jamaa wasikae chumbani. Dakika mbili za salamu na habari za nyumbani hazihesabiwi. Akinyamaza, hesabu sekunde 10 kimoyomoyo, kisha sema maneno haya tu: "Kuna jengine?" Mara moja kwa kila kazi. Anayesaidiwa zaidi atasema zaidi.

6. Kuandika na kuhesabu. Yaandike waliyoyasema kwa ELAN, programu ya bure ya kuandika maneno sambamba na sauti, kutoka taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, Uholanzi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hii ndiyo hatua niliyowahi kuiharibu. Ukigawa maneno tofauti kwa maneno yote ili kupima utajiri wa msamiati, aliyesema kidogo anatoka bora. Sababu ni kwamba kadiri mtu anavyoendelea kusema ndivyo anavyorudia "na", "ya", "kwa". Msemaji wa maneno 250 na wa maneno 900 hawalinganishwi hivyo hata kidogo. Tumia dirisha la maneno 50: hesabu maneno tofauti ya 1 hadi 50, kisha 2 hadi 51, mpaka mwisho, uchukue wastani.

Tahadhari ya pili: kompyuta haijui Kiswahili kinavyojengwa. "Nilimwona", "tutawaona" na "wakiniona" itahesabu maneno matatu, na ni "ona" moja tu. Rudisha kila kitenzi kwenye shina kabla ya kuhesabu. "Onyesha" na "onekana" naviacha vihesabiwe peke yake, kwani kunyambua nako ni ujuzi wa lugha. Na "paa" la nyumba, "paa" wa porini na "paa" la kuruka juu uvitenge kwa mkono.

Tahadhari ya tatu: ukitafuta "amba-" peke yake ili kupima sentensi changamano, utamdhulumu anayesema "aliyekuja" badala ya "ambaye amekuja". Hesabu zote mbili.

7. Kigezo. Rekodi haina alama ya akili ndani yake. Unahitaji mtihani mwengine wa lugha wa kulinganisha na hesabu zako, siku nyengine, kwa msahihishaji asiyezisikia rekodi. Usitafsiri sehemu ya msamiati ya Wechsler, mtihani wa akili wa Kiingereza. Maneno yake yamepangwa kwa ugumu wa Kiingereza. Tunga wako na uujaribu kwanza. Mfano wa swali la kufananisha: ngalawa na baiskeli zinafanana vipi? "Vyombo vya usafiri", alama 2. "Vyote vinakwenda", alama 1. Andika na miaka ya skuli, la sivyo utapima skuli ukiita akili.

MASWALI

Kijana_Wete: Mkuu sijasoma yote, niko kazini. Voisi za WhatsApp zinafaa?

Jibu: Hazifai. Soma hatua ya 2 na ya 4.

DukaDarajani: Nataka kuwapima vijana wanaoomba kazi kwangu. Nikirekodi usaili bila kuwaambia si watasema kwa uhuru zaidi?

Jibu: Hapana. Bila ridhaa usirekodi. Tena makadirio haya yanafaa kulinganisha makundi. Kwa mtu mmoja kosa ni kubwa mno kumnyimia riziki.

DukaDarajani: Basi somo lina faida gani?

Jibu: Utafiti. Kichwa cha habari hakikutaja ajira.

Ukhti_Makunduchi: Mwalimu, wazee wangu wakiona kinasa sauti wanaacha Kikae, lahaja yetu ya Makunduchi, wanasema Kiswahili cha skuli, na sentensi zinakuwa fupi fupi. Nifanyeje?

Jibu: Ahsante dada, umeligusa jambo zito. Mhojaji awe wa hapo hapo na aanze yeye kwa Kikae, hata maelekezo ya kazi ayatoe kwa Kikae. Andika walivyotamka, usisanifishe. Kisha tengeneza jedwali la mashina: safu moja neno la Kikae, ya pili shina lake, ili neno moja lisihesabiwe mara mbili msemaji akichanganya. Kila anapohamia Kiswahili cha skuli, weka alama kwenye ELAN. Kuhama huko ni data. Watumbatu na Wapemba nao, fanya vivyo hivyo.

Mwl_Mkoani: Badala ya wanyama, je, maneno yanayoanza na herufi fulani? Kwa Kiingereza wanatumia F, A, S.

Jibu: Inawezekana, ila ikimbie K: mtu ataanza kusoma, kula, kulala na hamalizi. M na U zina viambishi vilevile. B, S na T ni salama zaidi: bahari, bei, sahani, safari, taa. Kataza majina ya watu na miji.

Mwl_Mkoani: Na matrisi za Raven, yale mafumbo ya michoro ya kupima akili, kama kigezo?

Jibu: Hizo za 1938 hazina maneno. Raven mwenyewe aliziambatanisha na kipimo cha msamiati, Mill Hill. Ziweke pembeni ya kigezo chako, zisishike nafasi yake.

Mpemba_Halisi: Kwa wanaorekodi nje, mimi naivisha maikrofoni sponji ya kuoshea vyombo.

Jibu: Sponji inazuia pumzi, lakini upepo wa kusi unapenya. Juu yake ongeza kitambaa chenye manyoya, na ukae upande wa kaskazini wa nyumba.

Ukhti_Makunduchi: Na kunguru?

Jibu: Subiri wanyamaze, uianze upya kazi kwa picha ya akiba. Picha ile ile mara ya pili ameshaizoea.