Dar es Salaam hadi Mwanza na Watoto: Treni Mpaka Dodoma, Kisha Basi

Wazazi wengi wanaokwenda Mwanza wakati wa likizo hukata tiketi za basi la moja kwa moja, na kila ninapoulizwa huwa napinga. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 1,100, na mtoto mdogo hawezi kuimaliza kwenye kiti kimoja bila kuwachosha abiria wote. Utaratibu ufuatao ndio niliompa jirani yangu aliyesafiri na watoto wawili pamoja na mama mkwe wake.

Hatua ya 1: Tiketi za treni
Kata tiketi za SGR (treni ya reli ya kisasa) za kwenda Dodoma kupitia mtandao wa TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, mara tu tarehe za likizo zinapojulikana. Watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli. Andika majina kama yalivyo kwenye vitambulisho.

Hatua ya 2: Kuunganisha treni na basi
Hapa ndipo familia nyingi hupoteza siku nzima. Usitegemee kushuka kwenye treni na kudandia basi linalopita likitokea Dar es Salaam, kwa kuwa linaweza kufika likiwa limejaa, na hata likiwa na nafasi, viti vitakuwa vimetawanyika na watoto watakaa mbali nanyi. Tafuta basi linaloanzia safari Dodoma, ulipie siku kadhaa kabla, na uchague viti vinavyofuatana vya katikati, kwa maana nyuma hurusha sana. Kumbuka pia kwamba stesheni ya treni na stendi ya Nanenane haziko pamoja, hivyo tenga nauli ya teksi au bajaji mbili ikiwa mizigo ni mingi.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni saa. Tiketi ya treni huandikwa kwa mfumo wa saa 24, ambapo 06:00 ni saa 12 asubuhi, ilhali wakala wa basi anaweza kuandika kwa mkono «12:00» akimaanisha alfajiri hiyo hiyo. Asiyeuliza huenda akafika stendi adhuhuri na kukuta basi limekwishavuka Singida. Mwombe wakala aongeze neno «asubuhi» au «mchana» kwenye tiketi yenyewe, kisha mpigie simu jioni ya kuamkia safari ili athibitishe, kwa sababu muda wa kuondoka hubadilika.

Kwa kuwa mtalala Dodoma kusubiri basi la asubuhi, ukiweza, lala karibu na stendi badala ya katikati ya mji. Wapo watakaosema kulala Dodoma ni kuongeza gharama. Mimi naona ni nafuu kuliko kununua tiketi upya.

Hatua ya 3: Njiani
Beba maji, ndizi na mifuko ya kutapikia. Watoto wanaochafukwa na tumbo wasilishwe sana kabla ya mteremko wa Sekenke, baada ya Singida, kwa kuwa kona zake ni kali. Kuanzia Igunga hadi Nzega nchi ni tambarare na wengi hulala.

Hatua ya 4: Mwanza na mbele
Wanaoendelea Sengerema au Geita hawasubiri tena kivuko cha Kigongo, kwani Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3.2 lilizinduliwa Juni 2025. Tiketi za kurudi zikatwe kabla hamjaondoka nyumbani, hasa ikiwa shule zote zinafunguliwa wiki moja.